Protini Mbili za Damu Mbele ya Mayeloma
Mayeloma ni saratani ya seli za plazma, zile seli za uboho zinazotengeneza kingamwili. Mwaka 2005 watafiti wa kimataifa walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 10,750 na kuonyesha kwamba protini mbili tu za damu, beta-2 mikroglobulini na albumini, zinatosha kuwagawa wagonjwa hao katika hatua tatu. Waliokuwa na beta-2 chini ya miligramu 3.5 kwa lita, na albumini isiyopungua gramu 35 kwa lita, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 62. Beta-2 ilipofika 5.5 au kuzidi, nusu walikuwa wamefariki kufikia mwezi wa 29.

Wapo wanaopinga, wakisema kwamba vipimo hivi havipimi saratani hasa, na hoja yao ina uzito. Beta-2 hutolewa na karibu kila seli yenye kiini, kisha huchujwa na figo. Figo zikidhoofika, hupanda hata kama saratani haijaongezeka. Albumini nayo hushuka kwa ugonjwa wa ini, kwa maambukizi, au ikipotea kwenye mkojo. Lakini swali lililoulizwa halikuwa saratani ni nyingi kiasi gani, bali mgonjwa ataishi muda gani, na jibu la swali hilo limo katika mwili wote. Mayeloma yenyewe huharibu figo kwa vipande vya kingamwili inavyomwaga kwenye damu, na protini ya interleukini-6, inayozilisha seli zake, ndiyo hiyo hiyo inayoliamuru ini lipunguze albumini. Kinachoitwa dosari ndicho kinachovipa vipimo hivi nguvu. Hoja ya wapinzani hubaki na makali kwa mgonjwa ambaye figo zake ziliharibiwa na kisukari miaka mingi kabla; kwake beta-2 isisomwe bila kreatinini, kipimo cha utendaji wa figo.

Pingamizi zito zaidi ni umri wa takwimu: wengi wa wagonjwa wale walitibiwa kabla dawa za bortezomibu na lenalidomidi hazijaenea. Miezi imebadilika, ndiyo, ila mpangilio wa makundi haukuvunjika. Marekebisho ya mgawanyo huo ya mwaka 2015 yalizibakiza protini zote mbili, yakaongeza kimeng'enya cha LDH na kasoro za kromosomu. Baada ya miaka mitano walikuwa hai asilimia 82 ya hatua ya kwanza, 62 ya pili na 40 ya tatu. Hiyo 40 ni watu wawili kati ya watano katika kundi baya kabisa, na hakuna kipimo kati ya hivi kinachomwambia daktari ni wawili gani.