Mwache mtoto atambae, anajifunza kuona

Wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akiwa na macho mazima, kuona huja kwenyewe. Macho huleta picha tu; ubongo hujifunza maana yake mwili unapojisogeza.

Mwaka 1963 nchini Marekani, watafiti Richard Held na Alan Hein walilea paka wachanga gizani, wakiwatoa kwenye mwanga saa chache kwa siku, wawili wawili. Mmoja alitembea, mwenzake alibebwa kwenye kikapu kilichozungushwa na mwendo wa yule wa kwanza. Waliona mambo yaleyale, lakini aliyebebwa hakutambua ukingo wa shimo. Alipoachiwa atembee, alijifunza ndani ya siku chache.

Watoto nao wengi huanza kuogopa kimo baada ya kutambaa kwa wiki kadhaa. Kumbeba mgongoni si vibaya, ila si kutwa nzima. Tandika mkeka, weka kitu cha rangi mbele yake, akifuate. Ziba ngazi, usitegemee woga wake.

Ukiona weupe katikati ya jicho, makengeza baada ya miezi 4, au mtoto hafuatilii kitu kwa macho, mpeleke hospitali mapema. Hayo hayatibiwi kwa kutambaa.