Usiitupe Kadi ya Posta ya Babu

Mtu atakayetaka kadi ya posta ya kale yenye picha ya Afungi atatafuta mpaka achoke. Rasi hiyo, iliyo upande wa kusini wa ghuba ya Palma, kaskazini kabisa ya pwani ya Msumbiji, haikuwa na ngome, wala kanisa kuu, wala jumba la gavana. Ilikuwa na wavuvi, minazi na mashamba. Wapiga picha wa zamani walikwenda palipokuwa na wanunuzi, na wanunuzi wao walikuwa abiria wa meli, makarani wa serikali na wamisionari. Hivyo Afungi ikapitwa. Hata hivyo, jirani zake kaskazini na kusini wameacha alama katika kadi na stempu ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya huzigombea, na ambazo yamkini zimo pia katika sanduku la bibi yako, chini ya nguo za sikukuu, bila mtu yeyote nyumbani kuzijali.

Tuanze na ghuba yenyewe. Kabla ya Wareno kuiita Palma, sehemu hii ilijulikana kwa jina la Tungi, na Sultani wa Unguja aliidai kuwa ni ncha ya kusini ya milki yake. Mwaka 1887 Wareno waliishambulia kwa manowari wakaitwaa. Sultani aliyeipoteza ni Seyyid Barghash, yule yule aliyejenga Beit el Ajaib mjini Unguja mwaka 1883. Kaskazini ya Palma, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, ipo Kionga. Wajerumani waliichukua mwaka 1894 ingawa ilikuwa ng'ambo ya kusini ya mto, na Wareno wakairudisha mikononi mwao Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mkataba wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Kwa furaha ya ushindi huo mdogo, Wareno walichukua stempu za Lourenço Marques zenye sura ya Mfalme Carlos, aliyekuwa ameuawa miaka minane nyuma, wakazigonga neno KIONGA na bei mpya. Kipande kidogo namna ile cha mikoko na mchanga kikawa na stempu zake chenyewe! Kadi iliyopita posta kweli ikiwa na stempu ya Kionga ni adimu mno, na kwa sababu hiyo hiyo wapo walaghai waliogonga neno hilo juu ya stempu za kawaida. Anayeuziwa kadi ya namna hiyo kwa bei kubwa na aende kwanza kwa mjuzi.

Kusini ya Afungi, katika visiwa vya Kirimba, kipo kisiwa cha Ibo, na hapa ndipo mkusanyaji wa picha za ngome na makanisa anapopata riziki yake. Ibo ina ngome ya São João Baptista, iliyojengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, pamoja na ngome nyingine mbili ndogo na kanisa jeupe la Wakatoliki. Kati ya mwaka 1891 na 1929 nchi hii yote, toka Ruvuma hadi mto Lurio, haikutawaliwa na serikali ya Ureno moja kwa moja bali na kampuni, Companhia do Nyassa, iliyopewa haki ya kutoza kodi, kuweka askari na kutoa stempu. Wenyeji waliikumbuka kwa kodi ya nyumba na kazi za shuruti. Wakusanyaji wanaikumbuka kwa stempu nzuri kuliko zote za pwani hii. Mwaka 1901 kampuni ilichapisha London stempu zenye twiga na ngamia. Ngamia, naam, katika nchi ambayo mwenyeji wake hakuwa na habari naye. Stempu hizo nyingi ziliuzwa huko huko Ulaya kwa wapenzi wa stempu, hazikuona hata bahari ya Ibo. Ndiyo maana stempu safi ya twiga si kitu cha ajabu, lakini kadi yenye twiga huyo, muhuri wa posta wa Ibo na maneno machache ya mtu aliyekuwa akiishi pale, hiyo ni mali.

Kujua umri wa kadi si uchawi. Kadi za kwanza za posta duniani zilitolewa na Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, nazo hazikuwa na picha. Picha zilipoingia, mgongo wote wa kadi uliachiwa anwani peke yake, na aliyetaka kusema neno ilimbidi aliandike pembeni mwa picha. Uingereza ilikuwa ya kwanza, mwaka 1902, kuruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, maneno kushoto na anwani kulia. Nchi nyingine zikafuata katika miaka michache. Kwa hiyo ukiona kadi ya Unguja yenye maandishi yaliyobanwa chini ya picha, na nyuma yake hakuna mstari, ujue imechapwa yapata mwanzo wa karne ya 20 au kabla yake kidogo. Stempu nayo husema. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani bei zilikuwa kwa pesa, nazo zikageuka heller mwaka 1905. Katika makoloni ya Wareno, ukikuta neno REPUBLICA limegongwa juu ya sura ya mfalme, basi ni baada ya mapinduzi ya Oktoba 1910.

Lakini shahidi aliye bora ni jengo lenyewe. Chukua Beit el Ajaib. Zamani mnara ulisimama mbele ya jumba hilo, peke yake. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga makombora mahali hapo, mnara ukaharibika, na baadaye mnara wa saa ukajengwa ukiwa umeungana na uso wa jumba. Picha yenye mnara ulioachana na nyumba ni ya kabla ya vita hivyo, hata kama kadi imechapwa miaka kumi baadaye, maana wachapaji walikuwa wakitumia picha za zamani bila haya. Jumba hilo nalo, tarehe 25 Desemba 2020, liliporomoka sehemu, pamoja na mnara wake. Kadi iliyouzwa kwa senti chache imekuwa ushahidi wa jinsi dirisha lilivyokaa na nguzo zilivyopangwa.

Makanisa ndiyo yaliyopigwa picha sana baada ya majumba ya watawala. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, lililowekwa jiwe la msingi Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, limo katika kadi za A. C. Gomes na za ndugu wa Coutinho, wapiga picha wenye asili ya Goa waliokuwa na maduka yao Unguja. Dar es Salaam kuna kadi nyingi za Kijerumani za kanisa la Kilutheri la Azania Front na za Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yametazama bandari. Katika kadi hizo minara yake inapita kila kitu, minazi na mapaa ya mji, ambapo leo imezungukwa na maghorofa. Kadi nyingi za rangi za wakati huo zilichapwa Ujerumani, na rangi zilitiwa na watu ambao hawajapata kuiona pwani yetu. Bahari ikawa ya kijani kama supu ya mchicha, na kuta za chokaa zikawa za waridi. Aminini umbo, msiamini rangi.

Kwa nyumba za askari kuna aina moja ya kadi ambayo mimi naiona kuwa na thamani kupita makanisa yote. Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Uingereza liliwapa askari wake kadi iliyokwisha chapwa maneno: ni mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako. Askari alikata kwa kalamu maneno asiyoyataka, akatia saini na tarehe, basi. Akiongeza neno lake lolote kadi ilichanwa. Haina picha, haina ngome, wala msikiti wala kanisa. Lakini mke aliyeipokea alikuwa na ushahidi kwamba siku ile, saa ile, mumewe alikuwa na mkono wa kushika kalamu. Wengi wa waliobeba mizigo katika vita vile, wale ambao jina lao limebaki katika Kariakoo yetu, hawakujua kuandika, na nyumba zao hazikupata hata hicho kipande. Kama kwenu ipo barua au kadi ya jeshini, ya vita vya 1939 hadi 1945 au ya vita vya Kagera, isiuzwe kabla watoto hawajasomewa.

Sasa habari ya kutunza. Adui wa pwani ni chumvi, unyevu na mchwa. Kadi zisikae ukutani palipo na jua, wala zisibandikwe kwa gundi au utepe wa kunata, kwa kuwa gundi huacha doa la njano lisilotoka. Zitiwe katika bahasha za karatasi nyeupe, kisha katika kopo la biskuti lililokauka vizuri, na kopo liwekwe juu ya kabati, mbali na sakafu na mbali na jiko. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali hula picha polepole, heri bahasha. Dawa ya nondo isiguse karatasi. Kadi ishikwe kwenye kingo, na mikono iwe mikavu. Stempu isibanduliwe kamwe. Kadi iliyobanduliwa stempu imekwisha nusu ya thamani yake na karibu habari zake zote. Ukitaka kuandika jina la mahali au la mtu, andika nyuma kwa penseli, taratibu, usikandamize.

Turudi kaskazini, maana huko kadi hizi si mchezo wa wastaafu. Kimbunga Kenneth kilipopiga mwezi Aprili 2019, nyumba nyingi za Ibo ziliezuliwa au kubomoka. Katika mapigano ya Cabo Delgado, kanisa la Mocímboa da Praia lilichomwa mwaka 2020, na misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa mwaka 1924, nayo iliharibiwa mwaka huo huo. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na maelfu ya watu walikimbilia Afungi, wengi bila kitu mkononi. Fundi atakayejenga upya atauliza mlango ulikuwa wapi na dari ilikuwa ya namna gani. Ramani ikiwa imeungua pamoja na ofisi, jibu laweza kutoka katika kadi iliyotumwa Lisbon miaka 70 iliyopita na ikauzwa huko katika duka la vitu vikuukuu.

Afungi yenyewe ilibadilika hata kabla ya hapo. Kwa ajili ya kiwanda cha gesi, watu wa Quitupo walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda, na nyumba zao za zamani hazipo. Kwa kuwa hakuna mpiga picha wa kadi aliyekwenda huko, kumbukumbu ya kijiji ni picha za harusi na za vitambulisho zilizomo katika mifuko ya wenyewe.

Hapa nasema na askari. Kuanzia Julai 2021 vikosi vya Rwanda na vya nchi za SADC, Watanzania wakiwamo, vilipelekwa Cabo Delgado, na askari wa doria hupita katika nyumba zilizoachwa wazi. Albamu iliyolala sakafuni, kadi iliyotundikwa ukutani, picha ya maharusi, hivyo si vitu vya kale vya kuokota. Vina mwenyewe, na huenda mwenyewe yuko kambini Pemba akihesabu alivyopoteza. Viachwe mahali pake, au kama mvua inaingia, vikabidhiwe kwa mkuu wa kikosi naye avikabidhi kwa wazee wa mahali, vikiandikwa jina la kijiji, nyumba vilimokutwa na siku. Vile vile msinunue kadi wala picha kutoka kwa mtu asiyeweza kueleza alivyoipata.

Anayetaka kuona kadi na picha za zamani bila kununua aende Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, au akiwa Maputo aulizie Arquivo Histórico de Moçambique. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kinao mkusanyo wa Winterton, wenye maelfu ya picha za Afrika Mashariki za toka mwaka 1860 hadi 1960, na zinaweza kutazamwa kwa intaneti bila malipo. Ukikuta humo picha ya mtaa wenu, andika kando majina ya nyumba unazozitambua, kwa penseli, maana waliozipiga hawakuuliza.