Kuku, Mfereji na Mgonjwa: Akili Mnemba Yafuata Nyayo za Usugu wa Dawa

Vifaranga wa kuku wa nyama wakianza kuzubaa na kuharisha, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo, wakanunua antibayotiki na kuichanganya kwenye maji ya kunywa. Daktari wa mifugo haitwi, wala hakuna anayepima kujua kama tatizo ni bakteria au kirusi. Bakteria dhaifu hufa. Wanaobaki ni wale wenye jeni za kuihimili dawa. Hutoka na kinyesi, kinyesi huwa mbolea ya mchicha, na mvua ikinyesha sehemu yake huishia mferejini. Tena bakteria hupeana jeni hizo hata wakiwa wa jamii tofauti. Ndivyo usugu ulioanzia bandani unavyoweza kumfikia mjamzito mwenye maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) ambaye hajawahi kufuga hata jogoo.

Mwaka 2019 maambukizi ya bakteria sugu yaliua moja kwa moja watu takriban milioni 1.27 duniani, na kiwango cha vifo kilikuwa juu zaidi Afrika Magharibi.

Njia za usugu ni nyingi mno kwa mtu kuzifuata kwa daftari na kalamu. Hapo ndipo akili mnemba inapokuwa na kazi ya maana. Nchini China, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walifuatilia mashamba 10 ya kuku na machinjio manne kwa miaka miwili na nusu. Walichukua sampuli 461 kutoka kwa kuku, nyama iliyochinjwa na mazingira, wakasoma vinasaba vya vimelea vilivyomo. Kompyuta ikalinganisha vinasaba hivyo na majibu ya maabara yaliyoonyesha bakteria aina ya E. coli wa kuku walishindwa na dawa zipi na kuzishinda zipi. Uchambuzi pia uliibua jeni 145 za usugu zinazodhaniwa kuwa na uwezo wa kuhama, zilizokutwa kwa kuku na kwenye mazingira vilevile. Hata joto na unyevu wa banda vilihusiana na jeni za usugu. Uhusiano huo si ushahidi wa chanzo, lakini unamwonyesha bwana mifugo pa kuanzia.

Hospitalini shida huanzia kwenye kusoma kipimo. Bakteria wa mgonjwa hupakwa kwenye sahani ya maabara, kisha vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali hupangwa juu yake. Kesho yake, dawa inayofanya kazi huwa imezungukwa na duara safi. Iliyoshindwa, utando wa bakteria umeifikia hadi ukingoni. Kupima maduara hayo kwa milimita na kuyatafsiri kunahitaji mtaalamu, nao ni wachache. Wakfu wa Madaktari Wasio na Mipaka ulitengeneza Antibiogo, programu ya simu inayopiga picha sahani, ikapima maduara na kusaidia kutafsiri majibu, hata pasipo intaneti.

Hofu yangu ni data. Programu iliyofunzwa kwa bakteria wa Ulaya au China inaweza kukosea ikiletewa wa Mwanza au Kisumu, na hospitali zetu nyingi bado huanzisha antibayotiki bila kuotesha sampuli. Mabandani hali ni mbaya zaidi. Fedha za kwanza ziende maabara: vifaa vya kuoteshea bakteria, umeme wa uhakika, na utaratibu wa kuweka majibu ya wagonjwa, mifugo na maji taka kwenye hifadhidata moja.