Kulabu Njema Hutoa Onyo Kabla ya Kuvunjika
Mashauri kwa wakulima wanaong'oa visiki na kuvuta magogo

Miezi ya kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, ndiyo miezi ya kusafisha mashamba katika Kitui na Makueni. Mvua za Novemba ndizo tunazozitegemea zaidi, na kila mkulima hupenda zimkute shamba lake li tayari. Kwa hiyo wakati huu mashoka husikika kila upande, na minyororo ya maksai na ya matrekta huvuta visiki na magogo. Kazi hii ni njema, lakini ina hatari ambayo watu wengi hawaifikirii mpaka siku ya msiba. Hatari hiyo imo katika kitu kidogo kinachoshikwa kwa mkono mmoja, yaani kulabu.

Mkulima akinunua mnyororo hutazama unene wake. Akikodi trekta huuliza nguvu zake. Lakini kulabu hachagui. Huchukua yo yote iliyopo, au humwambia fundi ampindie kipande cha nondo. Na huku nguvu zote za maksai au za trekta hupita katika kulabu ile ile. Ikikatika ghafula, kipande cha chuma huruka kwa kasi kubwa, wala hakichagui kati ya dereva, ng'ombe, na mtoto aliyekuja kutazama.

VISIKI VYA ZAMANI NA MITI YA LEO

Kazi ya kusafisha pori si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1940, wakati makazi ya Makueni yalipofunguliwa, nchi ile ilikuwa na vichaka vizito na mbung'o wengi. Ilibidi vichaka vifyekwe kwanza, mbung'o wakose kivuli, ndipo watu na mifugo waweze kukaa. Baadaye watu wengine walipata mashamba upande wa Kibwezi, kama vile Masongaleni na Ngai Ndethya, nao pia walikuta visiki vikiwangoja.

Jirani zetu wa Tanganyika waliona mambo makubwa zaidi. Mwaka 1947, katika mpango wa karanga huko Kongwa, matrekta makubwa mawili yalitembea sambamba yakiburuta katikati yao mnyororo wa nanga ya meli, nao ukaangusha miti. Lakini mizizi ilibaki ardhini, na ikavunja vyombo vingi. Mpango ule uliachwa mwaka 1951, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Funzo lake ni hili: nguvu nyingi bila chombo kinachofaa kazi hazimalizi kisiki.

Siku hizi tuna sababu nyingine ya kuvuta magogo. Mti wetu wa mukau umekuwa mti wa mbao katika nchi kavu, na Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina mashamba ya mbegu bora zake huko Tiva katika Kitui na huko Kibwezi. Mukau uliotunzwa vizuri huweza kukatwa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Aliyepanda miti 50 atakuwa na magogo mengi ya kutoa shambani, nayo hayatoki kwa mikono mitupu.

KULABU HUFANYAJE KAZI

Kulabu ina jicho linaloungwa na mnyororo, shingo, tumbo ambalo mzigo hukaa, ncha, na mdomo ulio wazi kati ya ncha na shingo. Ukitaka kujua mahali inapoumia, twaa kijiti kibichi kilichopinda kama kulabu, ukishike pande zote mbili na kukivuta kana kwamba wataka kukinyosha. Utaona kwamba kinaanza kupasuka upande wa ndani wa tumbo. Chuma nacho ni vivyo hivyo. Upande wa ndani huvutwa na mzigo, tena hutanuliwa kwa kuwa kulabu inataka kufunguka.

Kwa sababu hiyo waundaji wa kulabu huweka chuma kingi zaidi tumboni, na hasa upande wa ndani. Ukiikata kulabu nzuri na kutazama mahali palipokatwa, hutaona duara kama la nondo. Utaona umbo pana upande wa ndani na jembamba upande wa nje. Nondo iliyopindwa ina unene ule ule kila mahali, kwa hiyo ni dhaifu pale pale inapotakiwa iwe na nguvu. Tena ikiwa imepindwa baridi kwa nyundo, huweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho.

Jambo la pili ni mahali mzigo unapokaa. Kulabu imeundwa ibebe mzigo chini kabisa ya tumbo. Mnyororo ukining'inia karibu na ncha, kulabu hiyo hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Msiipigilie ncha katika gogo wala msiikwamishe chini ya mzizi kisha mkavuta. Mnyororo na ulizungushwe gogo, na kulabu iushike mnyororo.

CHUMA KIGUMU SI LAZIMA KIWE CHEMA

Wako mafundi wanaofua kulabu kwa springi za lori, wakisema kwamba chuma chake ni kigumu. Ni kweli kwamba ni kigumu, lakini yafaa tuulize: kulabu ikilemewa, twataka ifanye nini?

Kulabu njema ikizidiwa na mzigo hujinyosha polepole. Mdomo wake hupanuka, nawe ukiitazama waona kwamba mambo yameharibika, ukaiacha. Hilo ndilo onyo lake. Chuma cha springi kilichotiwa moto kisha kikazamishwa majini hakinyooki, bali hukatika mara moja kama chungu, bila onyo lo lote. Basi kulabu haitakiwi kuwa ngumu tu. Inatakiwa iwe na nguvu, na tena iweze kupinda kabla ya kukatika.

Sisi Wakamba tangu zamani tumesifiwa kwa ufuaji wa chuma, na kwa mikufu myembamba ya waya iliyopambwa nayo mabibi na mabwana. Ufundi huo haujapotea, na fundi wa jua kali aweza kufua kulabu ya kazi nyepesi ya maksai, akifuata masharti haya: atumie chuma cha kawaida kilicho laini, si springi, akipinde kikiwa chekundu motoni, asikipinde baridi, aache tumbo nene kuliko ncha, asiache kona kali wala alama ya tindo tumboni, maana ufa huanzia hapo, na akiache kipoe polepole, asikizamishe majini. Lakini kwa kazi ya trekta nunua kulabu iliyofuliwa kiwandani, yenye alama ya mzigo wake.

AINA TATU NA KAZI ZAKE

Aina ya kwanza ni kulabu ya kuteleza. Mdomo wake ni mpana, na mnyororo hupita ndani yake bila kuzuiliwa. Ukizungusha mnyororo katika gogo na kuupitisha hapa, kadiri unavyovuta ndivyo kitanzi kinavyokaza. Hii ndiyo ya kufunga gogo.

Aina ya pili ni kulabu ya kushika. Mdomo wake ni mwembamba kama ufa, nao huingia pingili moja tu ya mnyororo, ambayo pingili inayofuata huizuia isiteleze. Hii ni ya kufupisha mnyororo. Ukiitumia kufunga gogo, kitanzi hakitakaza, na gogo laweza kuchomoka njiani.

Aina ya tatu ni ya kamba ya waya. Kamba hiyo ilitengenezwa na Wilhelm Albert huko Ujerumani mwaka 1834 kwa ajili ya migodi. Huko California, John Dolbeer alibuni mashine ya mvuke ya kuvuta magogo mwaka 1881, na baadaye kamba za waya zikachukua mahali pa kamba za nyuzi katika kazi ya misitu. Wakata magogo wakaona kwamba kulabu yenye ncha hunasa katika vichaka, na kamba ikilegea hutoka. Basi ikaundwa kulabu isiyo na ncha. Ni kama kengele ndogo inayoteleza juu ya kamba, na mwisho wa kamba una fundo la chuma linaloingia ndani ya kengele hiyo na kukaa humo hata kamba ikilegea. Mwenye kamba ya waya na anunue kifaa hiki, wala asifunge kamba ya waya kwa fundo la mkono, maana fundo huvunja nyuzi zake.

PIMA KABLA YA KUVUTA

Hesabu si ngumu. Pima upana wa gogo, ugawe kwa 2, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu. Gogo la upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 3 ni hivi: 0.2 mara 0.2 mara 3.14 mara 3, yaani karibu mita za ujazo 0.38. Ukihesabu mti mbichi kuwa kilo 1,000 kwa kila mita ya ujazo, gogo hilo lina kilo 380 hivi. Kuliburuta juu ya ardhi kavu kwaweza kutaka nusu ya uzito huo au zaidi, yaani kilo 190.

Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja, wakifanya kazi ya kuendelea, huvuta kiasi cha sehemu moja katika kumi ya uzito wao, yaani kilo 60 tu. Kwa muda mfupi waweza kuvuta zaidi sana, lakini watachoka upesi. Kwa hiyo funga mnyororo mfupi ili mbele ya gogo kuinuke kidogo, au weka gogo juu ya panda ya mti, au ongeza jozi ya pili. Usiwapige maksai ili washtue mzigo, maana mshtuo huo waweza kuikata kulabu ambayo ingestahimili mvuto wa polepole.

Tazama pia alama ya mnyororo. Mnyororo wa kawaida wa milimita 10 huruhusiwa mzigo wa tani 1.2 hivi. Ule wenye alama 8 au 80 juu ya pingili, unene ule ule, huruhusiwa zaidi ya tani 3. Kwa macho yafanana. Kulabu na iwe na nguvu sawa na mnyororo wake au kupita.

Juu ya visiki hakuna hesabu, kwa maana hujui mizizi imefika wapi. Kwanza chimba, ukate mizizi ya kando kwa shoka, ndipo uvute.

Kwa trekta, funga mnyororo katika chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta, wala usiufunge juu ya ekseli. Ukiufunga juu na kisiki kikikataa, magurudumu ya mbele huinuka na trekta hupinduka kinyumenyume juu ya dereva, upesi kuliko anavyoweza kukanyaga klachi. Wengi katika nchi nyingi wamekufa kwa njia hiyo.

KUITAZAMA KULABU YAKO

Kulabu ikiwa mpya, piga alama mbili ndogo kwa tindo, moja karibu na ncha na moja shingoni, mbali na tumbo, upime kutoka alama hata alama na kuandika kipimo hicho. Pima na mdomo wenyewe pia. Kisha kila wiki ya kazi upime tena, na kufuata haya:

1. Mdomo ukipanuka zaidi ya sehemu 5 katika 100, kulabu imekwisha. Mdomo wa milimita 40 ukifika zaidi ya 42, iache.

2. Tumbo likilika kwa sehemu 10 katika 100, iache. Lililokuwa milimita 20 likiwa 18, limekwisha.

3. Kulabu iliyopinda upande, au yenye ufa hata mdogo kama unywele, iache.

4. Usiirudishe umbo lake kwa nyundo, wala usiichomelee kwa welda. Moto huo huharibu nguvu ya chuma, na kulabu huonekana nzima na hali imekufa.

5. Wakati wa kuvuta, watu wote wakae mbali kupita urefu wa mnyororo au kamba. Mtu asiiruke kamba iliyokazwa wala kusimama katikati ya pembe yake. Watoto wasikaribie kabisa.

6. Juu ya kamba ya waya iliyokazwa weka gunia zito au koti nene katikati yake. Likikatika jambo, gunia litapunguza mruko.

Kulabu iliyoachwa na ikatwe vipande viwili kwa msumeno, ili kijana asiiokote kesho na kuitumia tena.

Neno la mwisho ni juu ya miti yenyewe. Kabla ya kukata, mwone ofisa wa misitu upate ruhusa, na kabla ya kusafirisha mbao upate kibali chake. Miti ya kando ya mito na ile inayozuia mmomonyoko katika miteremko iacheni isimame, na shimo la kisiki lijazwe udongo kabla ya mvua.

Ndugu mkulima, bei ya kulabu mpya yaweza kukuuma, lakini linganisha na bei ya maksai mmoja, kisha na maisha ya dereva wako. Leo jioni maksai wakisharudi zizini, itwae kulabu yako, uifute mavumbi, uipime. Kama imeanza kufunguka, imekwisha kukupa onyo lake, na hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho.