Mgonjwa wa Akili Apewe Muhula wa Deni Lake

Kilima cha Kiriri kimesimama upande wa mashariki wa mji wa Bujumbura, na aliye juu yake huona bila ya kizuizi Ziwa Tanganyika na, ng'ambo ya pili, milima ya Kongo. Upande huu ndiko alikozikwa Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Na huku ndiko zilikosimama Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi na nyumba kubwa kubwa ambazo baadhi yake zilijengwa zama za Wabelgiji. Mpita njia, akizitazama kuta hizo na maua yake, hudhani kuwa dhiki haipandi mlima. Lakini nyuma ya nyumba hizo mna vyumba vya uani wanamoishi walinzi, makarani wadogo na wanafunzi, ambao pango lao likichelewa hawana wa kuwadhamini. Na ndani ya baadhi ya nyumba zenyewe wamo warithi walioachiwa matofali bila ya mapato, wanaodaiwa kodi ya ardhi na majengo mwaka baada ya mwaka. Dhiki ya watu hawa ni kubwa peke yake. Ikikutana na maradhi ya akili, huwa msiba unaostahili kusemwa hadharani.

Maradhi ya akili huzaa deni kwa njia iliyo nyepesi kufahamika. Aliyeshikwa na sonona hukosa usingizi kwanza, kisha hukosa nguvu za kwenda kazini, kisha hukosa kazi yenyewe. Na aliyepandwa na wazimu wa furaha hukopa na kutumia kwa mikono miwili, hata siku akili inapomtulia hujikuta amezungukwa na wadai asiowakumbuka. Karatasi ya madai yenye muhuri huingizwa chini ya mlango; mgonjwa huiona, huikanyaga, huirudia, huiokota, akaiweka juu ya kabati pamoja na zilizotangulia, si kwa dharau wala ukaidi, bali kwa kuwa kuifungua kwake kumekuwa kazi nzito kuliko kupandisha gunia la mchele hadi kilimani. Umeme wa shirika la Regideso nao hununuliwa kabla ya kutumiwa, basi mita yake, iitwayo Cash Power, ikifika sifuri, giza huingia chumbani bila ya kungoja hukumu ya mtu. Na deni, likisha kuzaliwa, hurudi kuyalea maradhi yaliyolizaa: kila hodi mlangoni ni hofu, kila usiku ni hesabu isiyokamilika, na aibu humzuia mtu hata kuwaendea ndugu zake.

Wahenga walisema kuwa dawa ya deni ni kulipa, nao walisema kweli. Lakini kulipa kunataka kazi, na kazi inataka akili, na akili ndiyo iliyougua. Kumwambia mgonjwa alipe kabla hajapona ni kumtaka atangulize mwisho wa safari mbele ya mwanzo wake.

Burundi si nchi ya kustaajabia maradhi haya. Umma uliopitia mauaji ya mwaka 1972, vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, na machafuko ya kisiasa ya mwaka 2015, umebeba vifuani mwake majonzi ambayo hayakuzikwa pamoja na maiti. Tegemeo kubwa la wagonjwa wa Bujumbura ni hospitali ya maradhi ya akili ya Kamenge, kazi ya Mabradha wa Upendo, shirika lililoasisiwa mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807. Mgonjwa wa Kiriri, ili aipate dawa yake, hana budi kushuka mlimani na kuuvuka mji hadi kaskazini, na uhaba wa mafuta ya gari wa miaka hii umeifanya safari hiyo kuwa ndefu na ghali. Dawa nyingi za akili hutaka kufuatwa kwa miezi na miaka, kwa saa zake, na tumbo lenye chakula. Mtu akitolewa nyumbani, hupotewa kwa siku moja na kitanda, kadi yake ya hospitali, jirani aliyekuwa akimkumbusha vidonge, na mahali ambapo muuguzi angemtafuta. Amri ya kumwondoa, iliyokusudiwa kuliokoa deni, aghalabu humharibu mtu ambaye angelilipa.

Haki ya mgonjwa kama huyu haikosi wasemaji. Burundi ilijiunga mwaka 1990 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni. Na kamati inayousimamia ilieleza mwaka 1997 kwamba kuondolewa kwa mtu nyumbani kusimwache bila ya makazi. Mwaka 2014 nchi iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, unaowahesabu pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, na mwezi Januari 2018 ikatunga sheria yake yenyewe ya kuwalinda. Wala dini haikunyamaza: Kurani, katika sura ya Al-Baqara, aya ya 280, imeamuru mdaiwa aliye katika dhiki asubiriwe mpaka apate wasaa, jambo ambalo Waislamu wa mtaa wa Buyenzi hawahitaji kufundishwa; na Torati ilikwisha kuamuru mwaka wa saba uwe wa kuachilia madeni.

Namna ya kumpa mgonjwa muhula wa deni imekwisha kujaribiwa. Katika Uingereza na Wales, tangu tarehe 4 Mei 2021, mtu aliye katika matibabu ya dharura ya akili, akithibitishwa na mtaalamu mwenye idhini, hupewa muhula wa muda wote wa matibabu hayo na siku 30 baada yake. Katika muda huo wadai, likiwamo baraza la mji linalodai kodi yake na mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya pango, wamezuiwa kumwandama au kumwongezea riba. Deni halifutwi, linangojewa.

Najua kuwa mwenye nyumba naye ana watoto, na pengine pango la chumba kimoja cha uani ndilo ada ya shule yao. Haitakuwa insafu kumtwika yeye peke yake mzigo ulio wa jamii nzima. Kwa hiyo ninaloliomba ni dogo na linatendeka. Kabla ya amri yoyote ya kumwondoa mtu kwa deni, mkuu wa mtaa au mushingantahe, mzee wa usuluhishi, aulize kama mdaiwa ni mgonjwa. Cheti cha daktari kisimamishe amri na faini kwa muda unaojulikana. Serikali ianze kwa kusamehe faini ya kodi yake yenyewe, kisha ichangie pango la miezi ya matibabu ili mwenye nyumba asidhulumike. Na malipo yapangwe upya mgonjwa akisha kupona, kwa kadiri ya uwezo wake. Haya yakitendwa, mdai atapata haki yake na mgonjwa atabaki na mlango wa kufunga usiku. Muhula huu usihesabiwe sadaka ya mwenye huruma, inayotolewa leo na kunyimwa kesho. Uandikwe katika sheria, ili mgonjwa asiye na wa kumsemea aupate sawasawa na mwenye ndugu wakubwa.