Ukuta Ndani ya Kisima: Kwa nini baadhi ya Waprotestanti hawamhesabu Mkatoliki kuwa Mkristo

Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya karne ya 15 ambayo wenyeji huihusisha na Mkama Ndume, mtawala aliyebaki katika simulizi za Pemba kwa ukali wake. Ndani ya ngome mna kisima, na kisima kina kisa chake. Husimuliwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopikika chungu kimoja, akajenga ukuta kisimani ili kila mmoja ateke maji bila kumwona mwenziwe.

Mzee aliyetutembeza pale alipojua kwamba nafundisha historia ya dini, alinigeukia. "Hebu nieleze, mwanangu," akasema. "Kijana mmoja wa bara, fundi, alinambia yeye ni Mkristo. Nikamuuliza kama anasali pamoja na mwalimu mmoja wa hapa, naye Mkristo. Akanambia yule si Mkristo, yule ni Mkatoliki. Sasa Mkatoliki ni nani?"

Nilimjibu kwa maneno machache, na sikuridhika nayo. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa.

Fundi yule hakubuni kitu. Bara utawasikia watu wakisema "Wakristo na Wakatoliki" kama unavyosema Wapemba na Waunguja. Hata salamu huwatenga: huyu husema "Bwana Yesu asifiwe", yule husema "Tumsifu Yesu Kristo", na kila mmoja kwa salamu hiyo humtambua mwenziwe kabla hajamuuliza jina. Msomaji Mwislamu anajua jambo la namna hii lina uzito gani. Kumwambia mtu anayetamka imani yako kwamba hayumo katika imani hiyo ni kumkufurisha, na wanazuoni wa pwani wamelionya jambo hilo tangu zamani.

Tuanze na neno lenyewe, kwa kuwa ugomvi mkubwa umelala humo. "Mkristo" katika Kiswahili cha makanisa yetu linabeba maana mbili. Kwa Mkatoliki, na vilevile kwa Mwanglikana na Mlutheri, Mkristo ni mtu aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Mtoto mchanga akibatizwa, tayari ni Mkristo; kukua katika imani ni kazi ya maisha yake yote. Kwa mlokole, Mkristo ni mtu aliyetubu kwa kinywa chake na kumpokea Yesu awe Mwokozi wake. Ukimuuliza atakutajia siku, mara nyingine hata saa. Kwake yeye swali si "umebatizwa?" bali "umeokoka?"

Maana hiyo ya pili ilienea kwetu zaidi na Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Jambo ambalo wengi wameshalisahau ni kwamba walokole wa kwanza hawakuwaelekezea Wakatoliki kidole. Uamsho ulizaliwa ndani ya Kanisa la Kianglikana, na waliosutwa mwanzo kuwa hawajaokoka walikuwa Waanglikana wenzao, wachungaji wakiwamo. Kipimo kilikuwa cha moyo, na kilimpima kila mtu. Nasema hivi kwa kuwatendea haki: mlokole anayesema Mkatoliki si Mkristo huenda akasema hivyo hivyo juu ya binamu yake Mlutheri anayekwenda kanisani Krismasi tu. Kosa linaanza pale kipimo cha moyo wa mtu mmoja kinapogeuzwa hukumu ya kanisa zima, kana kwamba jina la dhehebu linatosha kuonyesha kilichomo kifuani.

Kutoka hapo linakuja suala la maji. Wapentekoste na Wabaptisti hubatiza kwa "maji mengi", yaani kuzamisha, na humbatiza mtu aliyefikia umri wa kuamini mwenyewe. Mtu akihamia kwao kutoka Ukatoliki hubatizwa upya, ingawa wao hawasemi "upya". Kwao ule wa utotoni, wa maji machache, haukuwa ubatizo. Kanisa Katoliki kwa upande wake halimbatizi tena mtu aliyebatizwa ipasavyo na Walutheri, Waanglikana au Wamoraviani. Basi Mkatoliki anayakubali maji ya Waprotestanti hao, na Mpentekoste hayakubali ya Mkatoliki.

Pemba ina ushahidi mzuri wa jinsi kipimo cha maji kinavyowatia watu mashakani. Miongoni mwa Waprotestanti wa mwanzo kufanya kazi kisiwani hapa walikuwa Marafiki kutoka Uingereza, yaani Wakweka, waliofika mwaka 1897, ule ule uliofutwa uhalali wa utumwa Unguja na Pemba. Wakiongozwa na Theodore Burtt walianzisha shamba na misheni huko Banani, si mbali na Chake Chake, wakawapokea watumwa walioachwa huru. Sasa Wakweka hawabatizi kwa maji kabisa, machache wala mengi, wala hawana mkate na divai ya Meza ya Bwana. Kwao ubatizo ni wa rohoni. Ukishika kipimo cha "maji mengi" kwa ukali, watu wale waliowapa kazi na makao waliotoka utumwani si Wakristo. Sijakutana na mlokole aliye tayari kusema hivyo.

Mzizi mwingine wa ugomvi huu ni wa mafundisho, na huu ndio wenye uzito kweli. Martin Luther alipotoa hoja zake 95 tarehe 31 Oktoba 1517, kilichomsumbua kilikuwa jinsi mwenye dhambi anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Jibu lake lilikuwa neema, kwa njia ya imani peke yake. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulimjibu mwaka 1547 kwa kanuni zilizowalaani wanaofundisha kwamba imani peke yake inatosha. Kwa Mprotestanti wa enzi hiyo hitimisho lilikuwa wazi: Injili ni habari ya neema, Roma imeilaani habari hiyo, basi Roma imejitoa yenyewe. Wapo wanaohitimisha vivyo hivyo mpaka leo, na wanaolisema hili kwa kulielewa nawaheshimu kuliko wanaosema "Wakatoliki wanaabudu Maria" na kuishia hapo.

Lakini hoja hiyo haikusimama pale ilipokuwa mwaka 1547. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wawakilishi wa Kanisa Katoliki na wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, ambalo Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ni mwanachama wake, walitia saini Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri kwa pamoja kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, si kwa stahili yake, na kwamba laana za karne ya 16 haziyagusi mafundisho ya upande wa pili kama yalivyoelezwa humo. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006, na makanisa ya Kireformed mwaka 2017. Tofauti hazikwisha, na wapo Walutheri waliolipinga. Hata hivyo, anayesema leo kwamba Mkatoliki anafundishwa kujiokoa kwa matendo, anabishana na karatasi ambayo warithi wa Luther mwenyewe wameitia saini.

Nije kwa Maria, watakatifu na sanamu, kwa maana hapo ndipo mabishano ya barazani hukolea. Lugha yetu ina sehemu yake katika lawama. Kitenzi "kuomba" kinatumika kwa Mungu na kwa jirani mwenye chumvi. Mprotestanti akisikia "tunamwomba Mama Maria", masikioni mwake hiyo ni ibada. Mkatoliki aliyefundishwa vizuri atamweleza kwamba anamwomba Maria *amwombee*, na silabi hizo chache ndizo fundisho lote. Kanisa lilitenganisha heshima ya watakatifu na ibada ya Mungu peke yake tangu Mtaguso wa Pili wa Nisea, mwaka 787. Waislamu wa visiwani wanaujua mjadala wa sura hii hii katika suala la tawasuli na kuzuru makaburi ya mawalii. Hata hivyo sitawafichia Wakatoliki neno: kilichoandikwa vitabuni na kilichomo midomoni mwa waumini si kitu kimoja kila mahali, na katekista asiyefafanua tofauti hiyo anampa mpinzani wake mawe ya kurusha.

Kuna shutuma moja ningependa ife kabisa: kwamba Wakatoliki waliifuta amri ya pili, ile ya sanamu. Hawakuifuta. Wanaihesabu ndani ya amri ya kwanza, kisha ya mwisho, ya kutamani, wanaigawa mbili. Na Walutheri wanahesabu vivyo hivyo. Fungua Katekisimu Ndogo ya Luther uone. Anayemtoa Mkatoliki kwa kosa hilo amemtoa na Luther.

Luther mwenyewe, tukiwa hapo hapo, alibatizwa akiwa mchanga wa siku moja, tarehe 11 Novemba 1483, na padre wa Kikatoliki, wala hakubatizwa tena. Wapresbiteri wa Uskoti waliokuja Kenya walikuwa warithi wa Ungamo la Westminster la 1646, lililomwita Papa Mpinga Kristo. Hukumu kali kuliko hiyo huipati; hata hivyo, Wapresbiteri wenyewe hawakukubaliana wote kwamba Mkatoliki si Mkristo. Mwaka 1845 mkutano mkuu wa kundi moja la Wapresbiteri wa Marekani uliamua kwa kura nyingi kwamba ubatizo wa Kikatoliki si halali. Aliyesimama kuupinga uamuzi huo alikuwa Charles Hodge wa Princeton, mwanateolojia ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa kuipenda Roma. Hoja yake ilikuwa kwamba makosa ya kanisa, hata yawe makubwa, hayawafanyi watu wake kuwa si Wakristo iwapo wanamkiri Mungu wa Utatu na Kristo Mwokozi. Sijaona hoja iliyomshinda.

Huku kwetu mpaka wenyewe haukuwahi kuwa mstari mnyoofu. Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar kuanzia 1908, ambaye Pemba ilikuwa chini yake, aliendesha ibada ambayo mgeni angeidhani misa ya Kikatoliki. Mwaka 1913 maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda walipokutana na wamisionari wa madhehebu mengine Kikuyu, Kenya, na kushiriki Meza ya Bwana na Wapresbiteri na Wamethodisti, Weston aliwashitaki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuwa wamefanya uzushi. Waprotestanti wenyewe, basi, walikuwa na kuta zao kisimani.

Na kuta hizo zimeua. Mwaka 1879 Alexander Mackay, Mprotestanti, na Padre Lourdel, Mkatoliki, walibishana mbele ya Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, kila mmoja akikana dini ya mwenziwe, mfalme akabaki hajui amwamini mzungu yupi. Wanafunzi wao wakaitwa Wafransa na Wangereza. Januari 1892 makundi hayo mawili yalipigana Mengo kwa bunduki, Lugard, ofisa wa Kiingereza, akiwa upande wa Waprotestanti na bunduki zake za Maxim, na Buganda ikagawanywa kwa dini. Vijana wale walianza kwa kuambiwa tu kwamba wenzao si Wakristo wa kweli.

Miaka 6 kabla ya vita hivyo, tarehe 3 Juni 1886, Kabaka Mwanga alikuwa amewachoma moto Namugongo vijana wa pande zote mbili kwa kosa moja, la kukataa kumwacha Kristo. Katika wote waliouawa miaka ile, Wakatoliki wanawaheshimu 22, waliotangazwa watakatifu mwaka 1964, na Waanglikana wanawakumbuka 23. Waliowahukumu hawakuwatenganisha.

Mzee wangu wa Pujini, samahani kwa kukuchelewesha. Yule mwalimu ni Mkristo.