Latitudo, Longitudo na Usomaji wa Ramani: Mfano wa Mpaka wa Mashariki wa Kongo

1. Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa ya Ulaya mipaka ya Dola Huru la Kongo. Sehemu kubwa ya mpaka wa mashariki haikutajwa kwa mlima, mto wala kijiji, bali kwa tarakimu. Mpaka ulifuata latitudo ya nyuzi 4 kaskazini hadi kukutana na longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Ukateremka na longitudo hiyo hadi nyuzi 1 na dakika 20 kusini. Kutoka hapo ukaenda kwa mstari mnyoofu mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo hakuna msafiri wa Ulaya aliyekuwa amekwisha kuliona Ziwa Kivu. Gustav Adolf von Götzen, aliye wa kwanza kati yao, alilifikia mwaka 1894.

Watu wa nchi hizo waliwekwa upande huu au ule kwa lugha ya vipimo ambayo hawakuulizwa habari yake. Hiyo ni sababu ya kutosha ya kuifahamu lugha hiyo vema. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya latitudo na longitudo, kutaja vipengele vya msingi vya ramani, kisha kuurudia mpaka huo na kuupima. Kwa kuwa mwanafunzi wa Kongo hujifunza jiografia ya sekondari kwa Kifaransa, makala yanatilia mkazo pia istilahi za Kiswahili za fani hii.

2. Ramani na pande za dunia katika Kiswahili

Kiswahili hakikuanza jana kuzungumza juu ya njia na mielekeo. Neno ramani hunasibishwa na neno la Kiajemi rahnama, yaani kionyesha njia, ambalo mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa vitabu vya maelezo ya safari zao.

Majina ya pande nne yana asili mbili. Mashariki na magharibi ni maneno ya Kiarabu yanayotokana na kuchomoza na kutua kwa jua. Kaskazini na kusini yanatokana na pepo za pwani: kaskazi, uvumao kutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya Desemba hadi Machi, na kusi, uvumao kutoka kusini katikati ya mwaka. Maneno haya yaliingia Maniema na Katanga pamoja na misafara ya karne ya 19. Upepo ulibaki pwani, jina likasafiri. Ndiyo maana mtu wa Kasongo husema kaskazini pasipo kufikiri habari za tanga wala jahazi.

3. Latitudo

Dunia ni tufe linalozunguka juu ya mhimili wake. Miisho miwili ya mhimili huo huitwa Ncha ya Kaskazini na Ncha ya Kusini. Katikati ya ncha hizo, kwa umbali ulio sawa, hupita duara kubwa la ikweta ambalo huigawa dunia katika vizio viwili. Latitudo ya mahali ni pembe iliyopo, kwenye kitovu cha dunia, baina ya ikweta na mahali hapo. Ikweta ni nyuzi 0. Kila ncha ni nyuzi 90. Kila nyuzi hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60.

Mistari ya latitudo huenda sambamba na haikutani kamwe. Kwa hiyo nyuzi moja ya latitudo ina urefu ulio karibu sawa kila mahali, yaani kilomita 111 hivi, na dakika moja ni kama kilomita 1.85. Lubumbashi ipo kwenye nyuzi 11 na dakika 40 kusini. Basi iko karibu kilomita 1,300 kusini mwa ikweta. Kisangani, yenye latitudo ya dakika 31 tu kaskazini, haiko mbali na ikweta hata kilomita 60. Mto Kongo wenyewe hukata ikweta mara mbili: kwanza kati ya Ubundu na Kisangani ukielekea kaskazini, kisha karibu na Mbandaka ukirudi kusini.

Latitudo hupimwa kwa kutazama mbingu, na mwalimu aweza kuipima uani mwa shule. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, jua la adhuhuri huwa utosini kwa mtu aliye kwenye ikweta. Siku hiyo hiyo huko Lubumbashi jua huinama kidogo upande wa kaskazini, na pembe ya kuinama kwake ni sawa na latitudo ya mji. Mti mnyoofu wenye urefu wa mita 1, ukisimamishwa wima, hutoa kivuli cha sentimita 21 hivi kuelekea kusini. Mwanafunzi akikipima kivuli hicho na kuichora pembetatu kwa usahihi, ataipata pembe ya nyuzi 11 na kitu.

4. Longitudo

Mistari ya longitudo, au meridiani, hutoka ncha moja hadi nyingine. Longitudo ya mahali ni pembe baina ya meridiani yake na meridiani ya mwanzo, na huhesabiwa toka 0 hadi 180 kwa upande wa mashariki na vivyo hivyo kwa magharibi. Kwa kuwa mistari hii hukutana nchani, nafasi iliyo kati yao hupungua kadiri mtu anavyoiacha ikweta. Nyuzi moja ya longitudo ni kama kilomita 111 kwenye ikweta, 109 kwenye latitudo ya Lubumbashi, na nusu tu ya ile ya ikweta kwenye latitudo ya nyuzi 60.

Longitudo ni ndugu wa saa. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa moja, na nyuzi moja kwa dakika nne za saa. Anayejua ni saa ngapi mahali alipo, na wakati uo huo ni saa ngapi kwenye meridiani ya mwanzo, amekwisha kuijua longitudo yake. Shida ilikuwa kuipata saa isiyopotea majira katika safari ndefu ya baharini. Fundi Mwingereza John Harrison aliunda saa ya namna hiyo, nayo ikajaribiwa katika safari ya Jamaika iliyoanza mwaka 1761.

Uhusiano huo waonekana wazi nchini Kongo. Kinshasa iko karibu na nyuzi 15 na dakika 19 mashariki. Lubumbashi karibu na nyuzi 27 na dakika 28. Tofauti ni nyuzi 12 na dakika 9, nayo ni sawa na muda wa karibu dakika 49. Jua la Lubumbashi hulitangulia la Kinshasa kwa muda huo, na kwa sababu hiyo nchi ina majira mawili ya kiserikali yanayopishana kwa saa moja kamili.

Ikweta imewekwa na maumbile, lakini meridiani ya mwanzo haikuwekwa nayo. Huwekwa na mapatano ya watu. Mwezi Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana mjini Washington na wengi wao wakaichagua meridiani ya Greenwich, karibu na London. Ufaransa haikupiga kura upande wowote, nayo iliendelea kuitumia meridiani ya Paris hadi mwaka 1911. Mwezi uliofuata, Novemba 1884, ulifunguliwa Mkutano wa Berlin juu ya mambo ya Afrika. Kwa hiyo nyuzi 30 zilizotajwa katika tangazo la 1885 zilihesabiwa kutoka kwenye mstari uliokuwa haujatimiza mwaka mmoja tangu kukubaliwa.

5. Kuandika na kusoma mahali

Kwa desturi latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Simu na vifaa vya setilaiti huandika sehemu za nyuzi kwa desimali, na huweka alama ya kutoa kwa latitudo za kusini na longitudo za magharibi. Dakika 40 ni thuluthi mbili za nyuzi, hivyo Lubumbashi huandikwa -11.67, 27.47. Mtu akigeuza mpangilio na kuandika 27.47, -11.67, hatakuwa tena Katanga. Atakuwa katika jangwa la Sahara ya Magharibi.

6. Vipengele vya msingi vya ramani

Kichwa na tarehe. Kichwa husema ramani ni ya nini na ya wapi. Tarehe husema ni ya lini. Ramani ya mwaka 1960 huonyesha Elisabethville na Stanleyville, majina yaliyobadilishwa mwaka 1966 kuwa Lubumbashi na Kisangani. Ramani ya mwaka 1990 huandika Zaire. Ramani iliyochorwa kabla ya mwaka 2015 haina mikoa 26 ya sasa. Hakuna hata moja iliyosema uongo kwa wakati wake, ila msomaji asiyetazama tarehe hupotea.

Skeli. Huu ni uwiano wa umbali ulio kwenye ramani na umbali ulio ardhini. Katika skeli ya 1:200,000, sentimita 1 ni kilomita 2. Katika skeli ya 1:5,000,000, sentimita 1 ni kilomita 50, nazo kilomita 1,570 hivi za mstari mnyoofu kati ya Kinshasa na Lubumbashi huwa sentimita 31 na zaidi kidogo.

Dira. Mshale huonyesha kaskazini ilipo. Kuiweka kaskazini juu ni mazoea tu: ramani maarufu ya Al-Idrisi, iliyokamilishwa mwaka 1154 kwa Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, iliweka kusini juu.

Ufunguo. Hapa hufafanuliwa alama na rangi: barabara, reli, mito, mipaka na vimo vya ardhi. Kimo si pambo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, alidhani kuwa Lualaba ni chanzo cha Nili. Mwaka 1874 Cameron alipima kimo cha Lualaba hapo Nyangwe, akakiona kuwa chini kuliko kile cha Nili huko Gondokoro. Maji hayapandi mlima, hoja ikaisha.

Namna ya kutandaza. Tufe haliwezi kutandazwa juu ya karatasi bila kupotosha umbo, ukubwa au umbali. Katika ramani ya Mercator, iliyobuniwa mwaka 1569, Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, hali Afrika ni kubwa kuliko kisiwa hicho mara 14 hivi. Ramani hiyo iliwafaa mabaharia kwa kushika mwelekeo. Haifai kulinganisha ukubwa wa nchi.

7. Mpaka wa nyuzi 30

Msomaji aliyekwisha kuyafahamu hayo aweza sasa kuupima mpaka wa 1885. Kutoka nyuzi 4 kaskazini hadi nyuzi 1 na dakika 20 kusini ni nyuzi 5 na dakika 20, yaani karibu kilomita 590 za mstari ulionyooka. Beni, yenye longitudo ya nyuzi 29 na dakika 28, iko magharibi mwa mstari, ndani ya Kongo. Bunia, yenye nyuzi 30 na dakika 15, iko mashariki mwake kwa kilomita 28 hivi. Kwa maana hiyo, mji ulio leo makao makuu ya mkoa wa Ituri ungekuwa nje ya Kongo. Ziwa Albert lote lingekuwa nje. Ziwa Edward lote lingekuwa ndani. Kilele cha Margherita katika Ruwenzori, chenye nyuzi 29 na dakika 52, kingekuwa ndani ya Kongo kwa karibu kilomita 15. Upande wa kusini, ule mstari ulioelekea Tanganyika ungeliacha Ziwa Kivu lote, pamoja na sehemu ya magharibi ya Rwanda, katika upande wa Kongo.

Mstari huo haukudumu. Mwaka 1910 Ubelgiji, Uingereza na Ujerumani zilipatana mjini Brussels, na mahali pengi tarakimu zikaacha nafasi kwa alama za ardhi. Mpaka ukapita katika Ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo. Ukapita katika volkano, Ziwa Edward, kilele cha Margherita, mto Semuliki na Ziwa Albert. Hayo yalikuwa maendeleo kwa wapimaji, maana mto huonekana na meridiani haionekani. Kwa wenyeji neno lilikuwa lile lile. Waalur na Walugbara walijikuta katika pande mbili. Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda, ambao lugha zao zinakaribiana sana, wakatenganishwa na mlima walioukaa pamoja.

8. Hitimisho

Latitudo na longitudo ni vipimo vya kweli: kivuli cha mti mmoja uani chatosha kulithibitisha jambo hilo. Lakini mstari unaochorwa kwa vipimo hivyo, ukiitwa mpaka, huwa ni uamuzi wa watu, wenye tarehe na wenye majina. Msomaji wa ramani hana budi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Kwanza na aulize: mahali hapa ni wapi? Tarakimu zitamjibu. Kisha na aulize: mstari huu ulichorwa lini, na nani, na kwa kujua nini juu ya ardhi na watu wake? Hapo tarakimu peke yake hazitoshi, na historia huitwa kusaidia.

Kazi ya mwalimu wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba maswali yote mawili yaweza kuulizwa na kujibiwa katika lugha ya mwanafunzi. Maneno yapo: ikweta, kizio, meridiani, skeli, dira, ufunguo. Yanayobaki ni mti wa mita moja, ukanda wa kupimia, na adhuhuri yenye jua katika mwezi wa Septemba.